Kiredio Kilichozidi Gramu Kumi na Nane

Mama Masjala alipoulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu, hakumung'unya maneno. Alichukua karatasi, akaandika mstari mmoja: "Kiredio kidogo cha kaseti, cha zamani, kinachoingia mkobani, chenye tundu la spika za masikioni." Akaweka tarehe, akagonga mhuri, nakala akaitia kwenye jalada. Miaka thelathini na mmoja ya kutunza majalada haimwachi mtu salama.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya vipimo. Kazi yake ni kukagua mizani ya wauza nyama, futi za wauza vitambaa, pampu za wauza mafuta ya taa. Kifaa kikipita, kinafungwa lakiri, yaani kipande kidogo cha risasi kinachobanwa kwa koleo kwenye waya, asije mtu akafungua na kuchezea. Kifaa kikishindwa, kinapelekwa uani nyuma ya jengo na kupigwa nyundo mpaka mama yake asikitambue.

Mwenye nyundo alikuwa fundi wa ofisi. Walimwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake ilikaa mfuko wa shati hata siku za harusi. Mtu wa miaka arobaini na tisa, mabega mapana, mdomo usio na breki. Shule aliiacha darasa la tano, au shule ilimwacha yeye, inategemea unamuuliza nani. Alipoajiriwa hakuweza kuandika ripoti ya mistari mitatu. Mwaka mzima, saa ya chakula cha mchana, Mama Masjala alimkalisha katikati ya rafu za majalada akamfundisha, akamsahihisha kwa kalamu nyekundu, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo Bisibisi aliposikia habari za kiredio, alikwenda masjala moja kwa moja.

"Mama, hilo niachie mimi. Utapata kinachopiga."

"Kinachopiga, mwanangu. Si cha kupamba kabati."

Alikuwa na sababu yake. Nyumbani kwake kulikuwa na sanduku la kaseti mia na ushee. Mchezo wa redio, uliokuwa ukirushwa kila Jumapili, ameunasa miaka kumi na mmoja. Jumapili nyumba yake hujaa wageni na yeye yuko jikoni, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha kunasa akasema atasikiliza akipata nafasi. Alipokaribia kupata nafasi, redio kubwa ikafa. Sasa sebule ilikuwa chini ya utawala wa wajukuu na televisheni, na ukiwaomba wapunguze sauti wanakutazama kama umewaomba wahame. Mchezo ule ulikwisha zamani. Nchi nzima ilijua yule shemeji jeuri aliishia wapi, isipokuwa yeye, na aliyejaribu kumwambia alifukuzwa masjala.

Bisibisi alizunguka soko la mitumba wiki tatu. Meza baada ya meza, sanduku baada ya sanduku, akifungua vifuniko na kunusa ndani, maana fundi hujua kifaa kilichoungua kwa pua kabla ya macho. Vyenye ukubwa ule alipata vitatu tu soko zima. Cha kwanza kiling'aa kama kijiko kipya, lakini mkanda wake wa mpira wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka ukawa lami, na wa kubadilisha haupatikani. Cha pili kilikuwa cha buluu, mota imekufa. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kimemegeka pembe, maandishi yamefutika nusu, kimekwaruzwa utadhani kililelewa na paka. Ukitia kaseti ukabonyeza, sauti inatoka safi kama mtu amekaa kando yako.

Angekichukua hicho cha kijivu yakaisha. Lakini utaratibu wa ofisi ulisema zawadi huchaguliwa na kamati, na kamati hailinganishi kitu kimoja. Kwa hiyo akatia sahihi ya mkopo kwa muuza mitumba, akavibeba vyote vitatu. Akajisemea kwamba vibovu vitasaidia kizima kionekane kizima. Hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Kamati ilikaa Jumatatu asubuhi kwenye ukumbi wa kupimia. Mwenyekiti alikuwa afisa mwandamizi wa mizani, mtu mwembamba waliyemwita Bwana Gramu, ambaye hata akikusalimia unahisi anakutoa uzito wa nguo. Kulia kwake alikaa katibu muhtasi wa Bosi. Kushoto alikaa dereva mkuu, ambaye alikuwa amelala tayari. Bisibisi alikaribishwa kama mwalikwa, maana yake anaruhusiwa kubeba vitu.

"Tuanze na neno 'kidogo'," alisema Bwana Gramu. "Mhusika ameandika kiredio kidogo. Kidogo ni kiasi gani?"

"Kinachoingia mkobani," alisema Bisibisi. "Ameandika hapo hapo."

"Mkoba wa nani? Mkobani mwa katibu huyu anaingia mbuzi."

"Usinianze asubuhi, Bwana Gramu," alisema katibu muhtasi.

Neno "kidogo" liliwala saa mbili. Mwisho wake liliandikwa kwenye muhtasari kuwa kidogo ni kitu kisichozidi gramu mia tatu. Dereva mkuu aliamshwa akubali, akakubali, akarudi alikotoka. Kisha Bwana Gramu akavaa glavu nyeupe, akapanga viredio mezani, akapima kimoja kimoja kwenye mzani wa kioo ambao hata pumzi inausumbua.

"Kinachong'aa, mia mbili sitini na mbili. Cha buluu, mia mbili themanini na moja. Cha kijivu..." Akainama. "Mia tatu kumi na nane. Kimezidi."

Bisibisi alikuwa amekwisha toa kaseti mfukoni. "Mwenyekiti, kabla hujaandika. Naomba tusikie kidogo. Dakika moja tu kila kimoja."

"Tusikie?"

"Ndiyo, tusikie. Si cha kusikilizia?"

Bwana Gramu aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa. "Fundi, kamati hii ni ya watu wa vipimo. Tuna kipimo cha uzito, cha urefu, cha ujazo. Sauti haimo. Una chombo cha kupimia utamu?"

"Nina masikio."

"Masikio yako yalikaguliwa mara ya mwisho lini?"

Dereva mkuu alicheka usingizini. Bisibisi akairudisha kaseti yake mfukoni.

"Hicho kinachong'aa jamani, hicho kinachong'aa!" alisema katibu muhtasi. "Na pichani kitatoka vizuri. Bosi anapenda zawadi inayotoka pichani."

"Kimepita uzito, kimepita urefu," alisema Bwana Gramu. "Nani anaunga mkono?"

Mikono miwili ilipanda, na wa dereva ukahesabiwa kwa vile ulikuwa juu ya meza. Bwana Gramu akakata waya, akauzungusha kwenye kile kinachong'aa mara mbili, akachukua koleo na kubana kipande cha risasi katikati. Ko!

Macho yalimtoka Bisibisi. "Bwana Gramu! Hapo ulipofunga ndipo kaseti inapoingilia!"

"Ndiyo maana nimefunga hapo. Ndipo mtu angechezea."

"Sasa atasikilizaje?"

"Kifaa kilichopitishwa na ofisi hii hakifunguliwi. Tunawashitaki wauza nyama kwa kosa hilo hilo, halafu sisi tulifanye?" Akamgeukia katibu. "Andika. Vilivyokataliwa vivunjwe kabla ya Jumatano saa sita mchana, mbele ya shahidi kutoka masjala, kama kawaida."

Shahidi kutoka masjala, kama kawaida. Masjala ilikuwa na mtu mmoja.

Jumatano saa nne Bisibisi alikuwa uani, nyundo begani. Siku mbili alikuwa amezunguka tena sokoni kutafuta cha nne. Muuza mitumba alimwambia, "Kaka, hata mimi mwenyewe nimeanza kukitafuta sasa, kwa unavyonitia wasiwasi." Hakikuwepo. Kama cha kijivu kingevunjwa, basi. Mama angekwenda nyumbani na kopo linalong'aa lililofungwa waya, na sanduku lake la kaseti lingebaki kama jiwe.

Mama Masjala alikuja na daftari la uvunjaji kwapani, miwani puani, kitambaa kimefungwa kichwani barabara. Alivitazama vile vitu viwili juu ya gogo. Kisha akamtazama fundi.

"Kumbe mlikuwa mnachagua kutoka hivi."

"Ilikuwa siri, Mama."

"Siri gani inayoandikwa kwenye daftari langu? Haya, anza."

Cha buluu alikipiga kwa moyo mweupe. Mapigo matatu, vipande vikaruka mpaka ukutani.

"Vipande vingapi?" aliuliza Mama, kalamu tayari.

"Andika vingi."

"'Vingi' si idadi. Okota uhesabu."

Aliokota, akahesabu, vikawa kumi na tisa. Kisha akaweka cha kijivu katikati ya gogo, akainua nyundo, akaishusha. Akainua tena. Akaishusha tena, safari hii akaiegemeza ukutani kabisa.

"Mama, huyu ndiye anayepiga. Kati ya vyote vitatu, ni huyu peke yake. Andika kimevunjwa, tia saini, kitie mkobani uende zako. Hapa tupo mimi na wewe."

Mama Masjala alivua miwani. Akivua miwani, hata Bosi huketi vizuri.

"Bisi. Daftari hili nimelishika miaka thelathini na mmoja. Humu hamna kitu kimoja nilichoandika kimetokea ambacho hakikutokea. Zimebaki siku mbili. Ndizo unataka nianzie uongo?"

"Basi chukua nyundo ukivunje mwenyewe, maana mimi mkono umekataa!"

"Punguza sauti, siyo mumeo mimi... unaona, hata maneno unanichanganya." Akavaa miwani. "Nipe hati ya kukataliwa. Kimekosa nini?"

"Kimezidi gramu kumi na nane."

"Kimekula nini?"

"Sijui. Labda chuma chake kizito."

Mama alikichukua, akakigeuza, akabonyeza kwa ukucha. Kifuniko kidogo cha nyuma kikafunguka. Betri mbili zilikuwa zimelala mle ndani, kichwa kwa mkia.

"Na hizi?"

Bisibisi alijipiga kofi la paji la uso, mbu angekuwepo angekufa. Alizitia yeye mwenyewe, Jumatatu alfajiri, ili kamati ikisema tusikie, kifaa kiwe tayari. Akili yake yote ilikuwa kwenye sauti. Uzito haukumpitia kichwani.

"Vile vingine vilikuwa na betri?"

"Betri za nini, Mama? Maiti wale?"

"Niitie Gramu," alisema Mama Masjala.

Bwana Gramu alishuka uani akiwa na haraka na heshima zake zote, akidhani anaitwa kutia saini. Alikuta Mama amekaa juu ya gogo, kiredio mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nina swali dogo kabla sijajaza daftari. Muuza nyama akiweka nyama mzanini pamoja na sinia lake, akamwambia mteja yote hiyo ni nyama, ninyi mnamwitaje?"

"Mwizi," alisema Bwana Gramu bila kufikiri. "Kifungu cha saba. Anapima na chombo."

"Na afisa akiweka kiredio mzanini pamoja na betri zake, akaandika yote hiyo ni kiredio?"

Mahali fulani ndani ya jengo simu ililia, ikachoka. Bwana Gramu alitazama betri mbili kwenye kiganja cha Mama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiiba kuku.

"Nilikipima kama kilivyoletwa," alisema.

"Hata muuza nyama husema hivyo," alisema Bisibisi.

"Wewe fundi nyamaza!"

"Nimenyamaza. Mama, nimenyamaza?"

"Amenyamaza. Bwana Gramu, mimi sitaki ugomvi. Lakini daftari linataka sababu ya uvunjaji, na sababu lazima iwe ya kweli. Nikiandika 'uzito umezidi', si kweli. Nikiandika 'afisa mwandamizi alipima na betri', ni kweli, na litakaa masjala mpaka wajukuu wako waje kuomba kazi hapa."

Bwana Gramu alikwenda mwenyewe kuuleta mzani. Ulikuwa haujapata kutoka ukumbini tangu ununuliwe. Aliubeba kama mtoto mchanga, akauweka juu ya gogo, wote watatu wakaacha kupumua. Mia mbili sabini na moja.

"Kimepita," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu.

"Basi kamati ikae upya!" alisema Bisibisi.

"Haiwezekani. Kamati imemaliza, zawadi imefungwa lakiri. Kuvunja lakiri ni maombi kwa Bosi, siku kumi na nne." Akafuta jasho. "Mama, tusilifikishe mbali hili. Kifaa hiki hakikuchaguliwa, ni kweli. Lakini hakijashindwa. Ambacho hakikuchaguliwa na hakijashindwa, ofisi haina chake. Kinarudi kwa aliyekileta."

"Nani alikileta?" aliuliza Mama, na alikuwa anajua.

"Mimi," alisema Bisibisi.

Mama aliandika mstari mrefu, akageuza daftari, Bwana Gramu akatia saini bila kusoma. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutosoma. Jioni hiyo Bisibisi alipita sokoni, akamlipa muuza mitumba kutoka mfukoni mwake, na Ijumaa asubuhi, kabla ofisi haijajaa, alikiweka kile cha kijivu mezani masjala, spika za masikioni zimezungushiwa juu. Mama hakusema asante. Alisema, "Umeandika hati ya makabidhiano?" Alikuwa ameandika. Akaisoma, akasahihisha neno moja kwa kalamu nyekundu, kisha akaikunja, akaitia mkobani mwake.

Sherehe ilikuwa saa nane, ukumbini, watu wamekaa katikati ya mizani. Mama Masjala alikaa mbele, kwenye kiti chenye mito, kitambaa kimeshuka mpaka chini ya masikio, mkoba mapajani. Bwana Gramu aliingia na ile zawadi juu ya kitambaa chekundu. Ilimeremeta. Ule waya na risasi yake vilikaa juu yake kama medali.

"Ndugu zangu," alisema, "nathubutu kusema hiki ndicho kiredio cha kwanza kuthibitishwa rasmi kuwa ni kidogo."

Makofi. Picha zikapigwa, na kweli kilitoka vizuri.

"Mama, tuchezee kidogo tusikie!" alipaza sauti mtu wa nyuma, mkaguzi wa pampu.

Bwana Gramu alikohoa. "Lakiri haivunjwi."

Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza, maana watu waliona huo ndio msimamo.

Kisha Bosi akasimama na karatasi. Alikuwa na karatasi nyingi. Alianza na historia ya vipimo tangu watu walipokuwa wanapima kwa shibiri, na katikati ya karatasi ya kwanza Bisibisi, aliyesimama pembeni na kipaza sauti alichokuwa amekitengeneza, aliona mkono wa Mama unaingia mkobani taratibu, kidole gumba kikashuka. Waya mweusi mwembamba ulipanda kutoka mkobani, ukapita ndani ya ukosi wa gauni, ukapotelea chini ya kitambaa.

Bosi hakupata kusikilizwa hivyo tangu ateuliwe. Wengine walisinzia, wengine walitazama simu zao, lakini Mama Masjala alikaa wima, uso wote uko wazi kama mtoto. Bosi aliposema "utumishi wake wa kimya," aliguna, akatikisa kichwa. Bosi aliposema "changamoto za upungufu wa makabati ya majalada," machozi yalimjaa machoni. Katibu muhtasi alimpa leso. Bosi alipoona leso, sauti yake mwenyewe ikaanza kutetemeka, akarudia aya ile ya makabati.

Walipofika kwenye kuwakumbuka watumishi waliotangulia mbele ya haki, Bosi akasema tusimame dakika moja, na ukumbi mzima ukasimama, vichwa chini. Mama akaangua kicheko. Kicheko cha tumboni, cha mtu aliyekuwa akidai kwa miaka mingi na amelipwa leo.

"Wamemtupia masanduku yake nje!" alisema kwa nguvu, kama wanavyosema watu walioziba masikio. "Shemeji! Nje!"

Vichwa vikainuka. Bosi alipepesa macho. Bisibisi aliutazama mlango, akapima umbali. Na hapo hapo, katika ule ukimya, mkobani mwa Mama kitu kikalia: ta!

"Nini hiyo?" alisema Bosi.

Bwana Gramu alikijua. Rangi ilimtoka usoni, akatazama dari kwa bidii, kama mtu aliyeona ufa unaohitaji kupimwa.

Mama Masjala alichomoa waya sikio moja. Akaona watu wote wamesimama wanamtazama. Hakuona haya wala hakuharakisha. Alifungua mkoba, akatoa kiredio cha kijivu mbele ya ofisi nzima, akafungua kifuniko, akachomoa kaseti, akaigeuza, akairudisha, akafunga.

"Endelea tu, Bosi," alisema. "Nageuza upande."

Bosi alitazama karatasi zake. Alimtazama Bwana Gramu, ambaye bado alikuwa na dari. Watu walikuwa wamesimama, hakuna aliyewaambia waketi. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumruhusu aendelee, kwa hiyo hakuwa na namna nyingine iliyomjia kichwani. Akaendelea.

Bisibisi alihesabu karatasi zilizobaki mkononi mwa Bosi. Zilikuwa saba. Upande wa pili wa kaseti ile ulikuwa na dakika thelathini. Akaegemea ukuta, akakunja mikono, akaona vitatoshana.